Siku Saba Kabla ya Tanga

Fomu ile niliijaza mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nasimulia makosa ya watu wengine. Niliijaza kwa wino mweusi, kwa herufi kubwa kama ilivyoagizwa, na sikuacha nafasi hata moja tupu.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, ile miaka ya "kuchangia gharama". Hospitalini uchangie, shuleni uchangie, na mwishowe zamu ikaifikia bustani. Bustani ninayoisema ilikuwa mwisho wa kichochoro chetu, Mji wa Kale: kipande cha ardhi chenye ukuta mfupi, lango la chuma, miarobaini minne, na nyasi zilizokaliwa zaidi ya kumwagiliwa maji. Kwa mgeni ilikuwa bustani. Kwetu sisi ilikuwa ukumbi wa nyumba zote. Kichochoro chetu ni chembamba. Watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani ili mwenziwe apite. Mtu akifa, wanawake hujaa ndani mpaka kwenye ngazi, na wanaume hawana pa kukaa. Kwa hivyo tangu kabla sijazaliwa, watu wakisharudi makaburini mikeka ilitandikwa bustanini, na wanaume wakakaa tanga pale siku tatu. Bawabu alipewa ada ndogo iliyowekwa zamani za Mwingereza, pamoja na kikombe cha kahawa, naye hakuuliza zaidi.

Kisha ubao wa langoni ukabadilishwa. Ule wa zamani ulikuwa na maneno machache yaliyofifia. Huu mpya ulikuwa mrefu kama mlango, na ulisema ada za bustani zimehuishwa ili zilingane na wakati. Kuingia, kupiga picha za arusi, mikutano, michezo ya watoto, kila kitu kilikuwa na bei yake. Chini kabisa paliandikwa kwamba shughuli yoyote ya watu zaidi ya kumi iombewe kibali siku saba kabla.

Tuliusoma ubao huo tukiwa kundi, baada ya swala ya alasiri. Mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa meli kabla ya kustaafu, na ambaye sasa kazi yake ilikuwa bao na maneno, aliusoma mara mbili, akavua miwani.

"Siku saba kabla," alisema. "Basi Izraili naye apelekewe nakala."

Tukacheka. Kicheko hicho kilidumu kiasi cha wiki mbili.

Mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikufa alfajiri, akazikwa adhuhuri. Wanaume waliporudi makaburini na mikeka yao walimkuta langoni karani mpya, kijana aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, ameshika kitabu cha risiti.

"Kibali?"

"Mamangu kafa leo asubuhi," mwana wa marehemu alimwambia.

"Poleni sana. Kibali?"

Walimpita, wakatandika. Karani hakugombana nao. Alikwenda zake, akarudi na askari wawili, na mikeka ikakunjwa huku mtu yungali anasoma juzuu. Ilikuwa msimu wa mvua za vuli. Hitima ya mama yule ilimalizikia kichochoroni, wanaume wamesimama wima wakilowa, na maji ya mifereji yakiwamwagikia kofiani. Nilimtazama mwana wa marehemu akipokea mkono wa taazia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amefunika msahafu kwa mfuko wa plastiki. Aibu ile hatukuizungumza, ila kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa iliiweka moyoni.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya Ami. Ndivyo tulivyomwita sote, ingawa hakuwa ami yetu wa damu. Alikuwa fundi bati. Makopo ya kumwagilia maua ya bustani ile aliyatengeneza yeye ujanani, na alipenda kusema kuwa majani yote ya pale yalikunywa mkononi mwake. Mwaka ule moyo wake ulichoka. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, na daktari akamwambia mwanawe ile kauli ambayo kila mtu huielewa: mpelekeni akakae na watu wake.

Mwanawe alikuwa mtunza stoo bandarini, mtu wa utaratibu, mtu wa kufunga mlango halafu akausukuma kuhakikisha. Alikuja kwetu jioni moja. Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kutoa mizigo, na barua za kichochoro kizima zilipitia kwangu.

"Nataka uniandikie kitu," alisema, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa fomu ya bustani. Nilimtazama.

"Ami yu hai," nilisema.

"Ubao wasemaje?"

"Siku saba kabla."

"Basi nifanyeje? Nimngoje afe, halafu nimwambie angoje? Nilikuwako siku ya mvua. Babangu hatafanyiwa vile."

Ningeweza kukataa. Lakini nami nilikuwako siku ya mvua, na hoja yake ilikuwa na mpangilio ambao mtu kama mimi huupenda. Nilijaribu kwanza kuandika kuwa shughuli ni dua. Karani wa lango akatuambia mkusanyiko wa dini unataka barua ya ofisi ya wilaya, na wakati ule barua ya namna hiyo ungeweza kuizungukia mwezi mzima, maana watu watano wakikaa pamoja wakubwa walitaka kujua kwa nini. Tanga halikutaka barua. Nikaandika tanga. Pa jina la marehemu nikapaacha patupu. Karani akanirudishia fomu kwa ncha ya kidole.

"Tanga la nani? Hatukodishi bustani kwa asiye na jina."

Nikaandika jina la Ami. Tarehe tulihesabu siku saba kamili, na karani akatusahihisha: siku ya kuleta fomu haihesabiwi. Ikaangukia Jumanne ya wiki iliyofuata. Mwana akalipa, muhuri ukapigwa, tukatoka tukiwa tumefarijika, Mungu atusamehe, kama watu waliomaliza kazi njema. Tulikosea jambo moja dogo. Hatukuigeuza karatasi. Nyuma yake pameandikwa kwamba vibali vyote vitabandikwa langoni.

Ijumaa, baada ya swala, nilikuwa chumbani kwa Ami, ghorofani. Siku ile alikuwa na nafuu. Alikuwa amekunywa uji, ameketi kitandani na mto mgongoni, akinilalamikia kuhusu bati za siku hizi zinazopinda kama karatasi. Tukasikia nyayo ngazini, nyingi, na sauti za watu wanaojizuia. Mlango ukafunguliwa. Mbele alikuwa mpishi wa meli, macho mekundu, mkononi ana karatasi aliyoibandua langoni. Nyuma yake walijaa wacheza bao wote.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, kisha akaona kitanda.

"Nani kafa?" Ami aliuliza.

Mpishi wa meli alitazama karatasi, akamtazama Ami, akaitazama tena karatasi.

"Wewe," alisema.

"Mimi? Saa ngapi?"

"Tumesoma langoni, Ami. Jumanne ni tanga lako."

Mmoja wa waliokuwa nyuma alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Ami alinyoosha mkono akapewa karatasi. Alisoma polepole, mdomo ukimchezacheza. Hakuniuliza kitu. Alinitazama tu, akanena, "Hati hii naijua. Ndiyo iliyoniandikia barua zangu zote." Mwanawe aliingia wakati huo huo, amebeba barafu ndani ya taulo kwa ajili ya maji ya mgonjwa, akasimama katikati ya wageni asijue kimetokea nini, mpaka alipoiona karatasi.

"Ni wewe?"

"Baba, nilitaka tu—"

"Umenipanga foleni," Ami alisema. "Kama gunia la sukari stoo kwako. La Jumanne hili, la Jumatano lile."

"Baba, wallahi sikukusudia."

"Ulilipa?"

"Nililipa."

"Basi ulikusudia. Toka. Usiingie chumba hiki tena, wewe mjuzi wa siku za watu."

Mkewe Ami alipiga kelele kutoka nyuma ya pazia, akimwomba kwa jina la Mungu asitamke zaidi, maana sote tulijua ni neno gani lililokuwa njiani. Kwetu mtoto aweza kukosa mali ya babake, nyumba yake, hata jina lake, akaishi. Akikosa radhi yake hana pa kwenda. Ami hakulitamka neno hilo. Lakini radhi nayo hakumpa. Alimgeuzia uso ukutani.

Tulidhani Jumanne ingepita kimya. Asubuhi yake Ami alimwamrisha mkewe amtolee kanzu ya Idi. Mimi na mpishi wa meli tulimshika huku na huku, tukashuka naye ngazi moja moja, kwa muda ambao mtu angekwenda sokoni Marikiti na kurudi. Nyuma yetu walifuata wacheza bao na mikeka, na kahawa katika dele alilolitengeneza Ami mwenyewe. Mwanawe alitufuata kwa mbali.

Karani wa lango alitazama kibali, akatazama kundi.

"Hili ni tanga," alisema. "Wafiwa ni nani?"

"Wafiwa watakuja," Ami alimjibu. "Marehemu ni mimi. Fungua lango."

"Mzee, tafadhali, mambo haya si ya mzaha."

"Nami sifanyi mzaha. Nimelipiwa, nimepigiwa muhuri, jina langu hili hapa. Ubao wenu umesema wapi kwamba marehemu lazima awe amekufa?"

Karani aliusoma ubao. Kweli aliusoma, mstari kwa mstari, kidole kikimtangulia. Kisha akafungua.

Mwana alipotaka kuingia, Ami aliinua bakora. "Huyo asiingie. Mwenye tanga husimama langoni apokee mkono. Na asimame."

Akasimama. Huo ndio ukatili ulionikaa moyoni zaidi kuliko yote ya mwaka ule. Habari ilikwisha fika mpaka mtaa wa Majengo, na watu walikuja wakiwa wamevaa kama waendao mazikoni, wakapita langoni mmoja mmoja na kumpa mkono kwa nyuso kavu. "Mola akupe subira." "Pole kwa msiba." Mpishi wa meli alitoka makusudi ili aingie upya. "Subiri, bwana," alimwambia, "na babako naye anajitahidi kusubiri." Ndani watu waliangua kicheko. Ami aliketi katikati ya mkeka, ameshika kikombe bila kunywa, akimwangalia mwanawe kupitia nondo za lango mpaka mwadhini alipoadhini adhuhuri. Mimi nilikaa karibu naye. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Kikombe cha kahawa kilipozunguka kiliniruka, na aliyekizungusha ni yeye.

Siku ya pili hakuweza kuinuka. Alhamisi alasiri mkewe alimshika mwanawe mkono akampeleka mpaka kando ya kitanda. Mimi nilikuwa nimeleta dawa. Nilitaka kutoka, mama akanizuia. "Kaa. Nawe umo," alisema.

Mwana alipiga magoti. "Baba, nimekuja kutaka radhi yako."

Ami alifumba macho muda mrefu. Nilidhani amelala.

"Radhi," alisema, "iombewe siku saba kabla."

"Baba, nakuomba."

"Na siku ya kuleta fomu haihesabiwi. Kaulize langoni."

Mama alilia. Mwana hakulia. Alibusu mkono wa babake, ambao haukujiondoa wala haukumpokea, akashuka. Kesho yake, Ijumaa, alipotoka kazini alikuja akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, akakaa mpaka magharibi. Jumamosi vivyo hivyo. Kila siku juu tulimsikia Ami akimuuliza mkewe kwa sauti ya kusikika mpaka chini, "Yule mtu wa fomu yupo?"

"Yupo, mume wangu."

"Siku ya ngapi?"

"Ya pili."

Siku ya tatu aliuliza. Ya nne aliuliza, kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa nikiandika siku hizo katika daftari langu la kazini, kwa sababu nilikwisha jua kwamba hesabu itakuwa na maana. Siku ya tano, Jumanne, hakuuliza. Mwana alinitazama nilipokuwa nikishuka, nami nikamwonyesha vidole vitano, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehakiki mzigo.

Jumatano adhana ya magharibi ilipolia, mwana aliinuka kwenye ngazi akaenda msikitini. Alipotoka kuswali alisikia kilio cha mamake kabla hajafika pembeni mwa kichochoro.

Tulimzika Alhamisi asubuhi. Tuliporudi makaburini, mikeka iko mabegani, tulifika mahali ambapo njia huachana: kushoto bustani, kulia kichochoro. Watu walimtazama mwana.

"Kulia," alisema.

"Bustani iko wazi, bwana," mtu mmoja alimwambia. "Tukisukumana na wa lango kidogo—"

"Kulia."

Tukakaa kichochoroni, pande mbili, migongo ukutani, magoti yakigusana na magoti ya aliye mbele. Aliyetaka kupita aliyaruka miguu ya watu. Baada ya alasiri alitokea yule karani wa lango. Hakuwa na kitabu cha risiti. Alivua viatu, akamwinamia mwana, akamwambia polepole kwamba wakubwa hawapo leo, kwamba mwana akitaka, yeye atafungua lango, na hakuna atakayeuliza.

"Hatukuomba," mwana alisema.

"Najua. Ndiyo nasema—"

"Hatukuomba."

Mpishi wa meli aliinua kichwa. "Na wewe je, umekuja taazia bila kibali? Haya, kaa. Kama utapata pa kukaa."

Karani alisimama na viatu mkononi, akitafuta kwa macho. Kwa desturi yetu mgeni wa tanga husogezewa, hata awe nani. Hakuna aliyesogea. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na mkeka wangu ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Sikusogea. Alisimama kiasi cha kusoma Fatiha, akaondoka.

Siku ya tatu, tanga lilipokuwa likivunjwa, mama alituita mimi na mwana tukae nje ya pazia. Alisema alikuwa akingoja watu wapungue, kwa sababu alilonalo si la kusikilizwa na wacheza bao.

"Jumatano alikuwa hasemi tangu mchana," alisema. "Jua lilipokuwa likitua akafungua macho. Akaniuliza, 'Magharibi imeadhiniwa?' Nikamwambia, ndiyo sasa hivi. Akasema, 'Basi ni Alhamisi.' Hayo tu. Nilikwenda kumletea maji, niliporudi amekwisha kwenda."

Chini tulisikia vikombe vikikusanywa.

Nimeyafikiria maneno yale kwa miaka. Kwetu siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake, na mtu aliyekufa Jumatano baada ya magharibi amekufa Alhamisi. Lakini mgonjwa aweza kuuliza adhana kwa sababu anataka kuswali, akataja siku kwa sababu wagonjwa hupenda kujua siku. Hakutaja radhi. Hakumtaja mwanawe. Mtu wa ukaidi kama yule, aliyemweka mwanawe langoni asubuhi nzima, angeweza pia kufa akiwa bado amemgeuzia uso ukutani.

Hayo nilikuwa nayo mdomoni siku ile. Mwana alinigeukia.

"Wewe ndiye mwenye daftari," alisema. "Ilikuwa siku ya ngapi?"

"Kwa hesabu ya langoni," nilisema, "ilikuwa ya sita."

"Sikukuuliza ya langoni."

Nyuma ya pazia mama alisogea karibu. Nililifunga daftari.

"Ilikuwa ya saba," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akashuka chini kukunja mikeka.